Umekosea Namba

Soko la Kiboriloni, ita "Mama!" mara moja tu,
vitageuka vichwa thelathini:
wa ndizi, wa magadi, wa mitumba,
hata aliyesinzia juu ya gunia la maharage ataitika
kabla hajafumbua macho.
Nimekuja kumtafuta mmoja
katika lugha ambamo kila mwanamke ni mama
na kila aliye mdogo kwake ni mwanangu.

Mwanangu, chukua mshare huu, unaiva upesi.
Mwanangu, angalia bodaboda.
Kila mara moyo unasimama wima
kama mwanafunzi aliyesikia jina lake,
kumbe ni la mwingine.

Karani Mlay alipuliza vumbi la daftari.
Julai, themanini na mbili.
Mtoto wa kike. Kilo mbili na robo.
Jina: mstari mtupu.
Vitu alivyokuja navyo: kofia ya sufi, kijani;
kanga moja, bila pacha wake.
Mama: Aikande Kileo, miaka kumi na saba, Mbokomu.
Sababu:
hapo wino ulimwagika, au mtu aliumwaga.
"Siruhusiwi kukuonyesha hii," akasema Mlay,
akatoka kwenda kuchemsha chai,
na chai ile ilichukua nusu saa.

Aliyenilea ni Mwalimu Mwanahawa, wa Kondoa.
Aliniambia nikiwa na miaka tisa, akinisuka,
nimempa kisogo, asiuone uso wangu
wala mimi wake.
Vidole havikusimama. Alimaliza mistari yote sita.
Kanga ile aliitunza sandukuni kwa karafuu,
hakujifunga hata siku moja.
"Ina mwenyewe," alisema.
Mwaka juzi nilimzika. Machozi sikuazima.
Basi msiniulize nimekosa nini.
Sijakosa. Nina nusu ya doti, basi,
na nusu ya doti haimwachi mtu alale.

Watu wa Moshi hawautaji mlima wao jina.
Wanasema "mlima", wanainua kidevu kidogo,
kana kwamba duniani hakuna mwingine.
Asubuhi hii ulikuwa umejifunika shuka mpaka usoni
na bado walijua pa kuelekeza kidevu.
Hivyo ndivyo nilivyotaka kusema lile neno, mara moja,
bila la pili la kulifafanua.

Mbokomu, mwenye duka hakuniangalia uso.
Aliniangalia mwendo nikipanda kijia cha kahawa.
"Mwendo huu naujua," akasema,
akaniandikia namba kwenye pakiti ya kiberiti.
"Aliolewa Uru. Ana wajukuu. Mzee wake hajui kitu.
Ukipiga, piga saa ya kukama."

Nilipiga saa kumi na mbili.
Nilisema shikamoo.
Nilisema Julai. Nilisema kofia ya kijani.
Nikasikia ndoo ikiwekwa chini, taratibu,
ya mtu asiyetaka maziwa yamwagike.
"Umekosea namba, mwanangu."

Nisaidieni hapo.
Hivyo ndivyo angemwambia yeyote,
muuza bima, mlevi, mtoto anayechezea simu.
Neno hilo linagawiwa bure mitaani kama salamu.
Lakini hakukata.
Nilisikia mvua juu ya bati, ng'ombe akicheua,
kitoto kikiuliza, "Bibi, nani?"
"Hakuna mtu. Nenda ndani, kunanyesha."
Na hakukata.
Mimi nikapumua, yeye akapumua,
dakika nne, labda tano,
mpaka salio langu likaisha
na ule ukimya ukawa wa kampuni ya simu.

Nikavuka barabara matopeni hadi kibandani.
Mwanamke wa vocha alikuwa anafunga,
kitenge kichwani, koroboi mkononi.
"Ya elfu moja au elfu mbili, mwanangu?"
Nikamwambia,
ya elfu mbili, mama.